Kadi za Kumbukumbu na Kompyuta Sugu za Zamani: Mazungumzo na Wakazi wa Mpakani



Huenda wapo miongoni mwenu wanaojiuliza polisi wana shughuli gani na kadi inayoweza kukaa juu ya ncha ya kidole. Tutaanza na kisa kilichotupata sisi wenyewe, nacho si cha kujivunia.

Katika kituo kimoja cha mpakani ambacho hatutakitaja, mfugaji alituletea kadi kutoka kwenye kamera aliyoifunga juu ya lango la zizi lake. Ng'ombe wake 7 walikuwa wameibwa usiku, na kwa maneno yake lori lililowabeba lilionekana wazi pamoja na nambari zake. Kadi ilikuwa ya gigabaiti 16. Askari wetu aliichomeka katika kompyuta mpakato ya zamani, ile yenye gamba gumu na mpini wa kubebea. Mashine ikasema kadi haijafomatiwa, ikauliza kama aifomati. Askari akabonyeza ndiyo. Kazi ilikwama njiani, lakini madhara yalikuwa yamekwisha kutendeka: kadi ilipopelekwa kwenye mashine mpya, picha hazikuonekana tena. Kosa lilikuwa letu, tukamwambia mfugaji hivyo ana kwa ana. Ng'ombe hawajapatikana mpaka leo.

Kadi ile haikuwa mbovu, wala kompyuta haikuwa mbovu. Zilikuwa haziafikiani, na hilo ndilo tunalotaka lieleweke leo, kwa sababu kompyuta za namna ile zimeenea sana huku kwetu. Zinaingia zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya na Marekani, na wapimaji ardhi, mawakala na kamati za usalama huzipenda kwa kuwa zinastahimili vumbi, mvua na mitikisiko ya barabara zetu. Mashuhuri kuliko zote ni Toughbook za kampuni ya Panasonic, zilizoanza kuuzwa mwaka 1996. Panasonic hiyo hiyo ilikuwa mojawapo ya kampuni 3, pamoja na Toshiba na SanDisk, zilizoasisi kadi ya SD mwaka 1999. Basi si ajabu kukuta nyingi ya kompyuta hizo zina tundu la kadi hiyo ubavuni.

Tatizo ni kwamba jina SD limebebwa na vizazi mbalimbali vyenye umbo moja. Kizazi cha kwanza huandikwa SD tupu, na kwa kawaida huishia gigabaiti 2. Mwaka 2006 ikaja SDHC, inayoanza juu ya hapo hadi gigabaiti 32. Mwaka 2009 ikafuata SDXC, inayovuka 32 na kwenda mbali sana. Tundu jipya husoma kadi ya zamani bila taabu. Tundu la zamani halisomi kadi mpya, hata kama kadi inaingia na kukaa vizuri, maana namna ya kuhesabu nafasi ndani ya kadi ilibadilishwa. Ni sawa na mzee anayejua kuhesabu kwa pishi akiletewa daftari lililoandikwa kwa magunia: tarakimu anaziona, lakini atafungua ghala lisilo lake.

Kwa hiyo kabla ya kununua kadi, geuzeni kompyuta, msome kibandiko cha chini. Toughbook za miaka ile huanza na herufi CF. Someni nambari yote mpaka mwisho, msiishie kwenye tarakimu za mwanzo. CF-19, kwa mfano, iliuzwa kwa miaka mingi katika matoleo kadhaa yenye sura moja na vifaa vya ndani tofauti. Jirani akikwambia yake inasoma gigabaiti 16, hilo si dhamana kwako. Kisha tazameni pembeni mwa tundu. Pakiwa na alama ya SD peke yake bila HC, nanyi hamna kitabu cha maelekezo, chukueni kwamba mwisho wake ni gigabaiti 2 mpaka ithibitike vinginevyo kwa kadi tupu isiyo na kitu cha thamani.

Adapta ile ya plastiki inayobeba kadi ndogo ya simu haibadilishi chochote. Inapanua umbo tu.

Lipo pia suala la programu endeshi. Kadi za SDXC hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa mfumo uitwao exFAT, ambao Windows XP haiutambui mpaka iongezewe sasisho maalumu. Windows 7 inaufahamu. Ndiyo maana tundu laweza kuwa zuri na bado mashine ikadai kadi haijafomatiwa. Swali hilo likitokea na kadi ina picha zenu, jibu ni hapana. Ichomoeni, mtafute mashine nyingine.

Kwa wengi wenu njia rahisi ni kuliacha tundu la zamani lipumzike, mkanunua kisoma kadi cha nje kinachoingia kwenye mlango wa USB, chenye maandishi SDHC au SDXC. Kwa mashine yenye XP tunapendelea SDHC isiyozidi gigabaiti 32, kwani hiyo hutumia mfumo wa FAT32 ambao XP inauelewa. Kasi isiwatie hofu: kadi ya daraja la 10 itafanya kazi mahali pa daraja la 4, ila kwa mwendo wa mashine.

Sasa kadi bandia. Hizi huandikwa gigabaiti 64 ilhali ndani zina chache mno, na zimechezewa ili zidanganye kompyuta. Hupokea kila mnachoweka bila malalamiko. Mnapofungua ndipo mnakuta mafaili ya mwisho ni matupu. Zipo programu za bure, H2testw na F3, ambazo hujaza kadi yote na kuisoma tena. Muuzaji anayekataa kadi yake ipimwe amekwisha kuwajibu.

Na kwa yeyote mwenye ushahidi: tuleteeni kadi yenyewe. Kisukumizi kidogo kilicho ubavuni kishusheni upande wa kufunga, ingawa kinga hiyo hutegemea kisoma kadi kuiheshimu. Tieni kadi katika bahasha, andikeni tarehe na saa, na msiondoke kituoni kabla ya kupewa maandishi ya makabidhiano. Askari akitaka kuichomeka mbele yenu, mna haki ya kumwuliza kama mashine yake inaisoma. Tangu kisa cha yule mfugaji tumeagizana kutokasirika kwa swali hilo.

Kisoma kadi na kompyuta ya kupimia viko mezani hapa mbele. Kuipima kadi ya gigabaiti 32 huchukua muda mrefu, basi wenye safari ya mbali watangulie.