Ua na Ngeli Yake: Jicho la Mtazamaji katika Ushairi wa Unguja



Anayeujua Mji Mkongwe anazijua baraza zake: wanaume wameketi juu ya mawe kando ya kuta, na uchochoro ni mwembamba hata kila mwanamke apitaye hana budi kupita mbele ya macho yao. Sehemu kubwa ya mashairi yetu ya mapenzi imetungwa kana kwamba mshairi ameketi hapo. Husifiwa pua, shingo, kiuno na mwendo. Mwenye viungo hivyo hasemi neno.

Tuiangalie sarufi. Mshairi amwitapo mpenzi wake ua, tunda au lulu, papo hapo humtoa katika ngeli ya A-WA. Ua limechanua, tunda limeiva, lulu imepatikana. Vitenzi navyo huwa vya kutendwa: huchumwa, huvaliwa, hutunzwa. Tunda hata likipendwa namna gani, halina kauli katika kuchumwa kwake.

Nitaambiwa kwamba fumbo ni stara; mshairi muungwana hamtaji binti wa watu. Hoja hiyo ina uzito, hasa kisiwani ambako watu wanajuana. Lakini stara hiyo hulifunika jina tu. Mwili huachwa barazani.

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba mwaka 1880, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alilijua jicho hilo. Wapinzani wake walimkejeli kwa sura na kwa asili yake, kisa ambacho Shaaban Robert amekisimulia katika wasifu wake. Kiini cha jibu la Siti ni kwamba sura na nasaba si kitu; kasoro ya mtu ni kukosa akili. Mtazamwa akamgeukia mtazamaji na kumpima kwa kipimo ambacho yule hakukizoea.

Linalonigusa zaidi ni wimbo wake “Kijiti”, uhusuo mauaji ya mwanamke aliyefika Unguja mgeni. Mtungaji wa barazani angeanza na uzuri wa marehemu. Wimbo huu unawataka wasikilizaji watazame alichokitenda mwanamume, tena kwa jina lake. Kisha unayapeleka macho mahakamani: mwuaji amekimbilia Bara, na adhabu imewaangukia wanawake waliotoa ushahidi. Kama marehemu alikuwa mzuri, hatuambiwi. Tunaambiwa alikuwa mja mzito.