Kuyeyusha Chuma Chakavu: Tupime Kabla ya Kukopesha

(Mazungumzo kwa viongozi na mafundi wa vyama vya msingi, Ilembula)



Mbele yetu lipo ombi la vijana wa karakana. Wanataka chama kiwakopeshe fedha wajenge tanuri la umeme la kuyeyushia chuma chakavu, kwa kutumia mashine ya kuchomelea na vijiti vya kaboni. Nia yao ni njema, kwani jembe ni ghali na vyuma vibovu vimelala katika kila ua. Lakini fedha ya chama ni jasho la wanachama. Yatupasa kuipima kabla ya kuitoa.

Jambo lenyewe lawezekana. Mnamo mwaka 1892 mwanakemia Mfaransa Henri Moissan alitumia tanuri la namna hiyo. Umeme urukapo kati ya vijiti viwili vya kaboni huzaa joto lipitalo nyuzi 3,000 za Selsiasi, ilhali chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Viwanda vikubwa hufanya vivyo hivyo hata leo.

Hata hivyo, kifaacho kiwandani si lazima kifae katika karakana yetu. Kwanza, mashine ya kuchomelea imeundwa ifanye kazi kwa vipindi na kupumzika. Ikishurutishwa mfululizo huungua. Pili, chuma kilichoyeyuka hunywa kaboni ya vijiti. Kaboni ikizidi asilimia 2, chuma huwa kigumu lakini hupasuka upesi. Jembe la chuma cha namna hiyo litavunjika kwenye jiwe la kwanza. Tatu, ipo hatari ya mauti. Mwanga wake huunguza macho. Mabati hutoa moshi wa zinki wenye sumu. Unyevu kidogo ndani ya kalibu hurusha chuma cha moto usoni mwa fundi. Na anayeunda mtambo kwa transfoma ya jiko la maikrowevu anachezea umeme unaoua kwa mguso mmoja.

Ndugu wanachama, wazee wetu walipata majembe bila kukifanya chuma kuwa maji. Wafipa walijenga matanuri marefu ya udongo, wakapanga mawe ya chuma na makaa, kisha wakatoa bonge la chuma lililosafishwa na kufuliwa kwa nyundo. Kazi kubwa ilikuwa ya mhunzi. Nasi leo tunayo springi ya gari, iliyo pua nzuri tayari. Kuiyeyusha ni kuiharibu. Ipashwe moto wa makaa mpaka iwe nyekundu, ifuliwe juu ya fuawe, nayo itakuwa jembe, shoka au panga.

Wanaotaka kuyeyusha na waanze na alumini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu, kwa makaa na mvukuto. Wamimine puli na vipuri vya mashine. Sufuria wasitengeneze, kwa maana uchunguzi katika nchi kadhaa za Afrika umeonyesha kwamba sufuria za alumini chakavu zaweza kutoa risasi katika chakula.

Liko neno moja la mwisho, nalo ni zito. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, inapita Makambako, jirani yetu. Fundi akinunua bolti au kipande cha reli bila kuuliza kilikotoka, ananunua maisha ya abiria. Kila karakana iwe na daftari la mauzo: jina la muuzaji, aina ya chuma, uzito na tarehe.

Kwa hiyo napendekeza mkopo utolewe, lakini uwe wa fuawe, mivukuto, koleo, miwani, glovu za ngozi na tanuri dogo la makaa. Vijana wasirudishwe mikono mitupu. Wapewe zana zitakazolipa deni na kuwarudisha nyumbani jioni wakiwa wazima.