Dawa Umemeza, Je, Moyo Umepimwa?

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi vya kahawa, mkoani Kagera)



Mmezoea kuniona nikija na kalamu nyekundu, nikiuliza habari za stakabadhi na upungufu wa magunia ghalani. Leo sikuja kukagua daftari. Nimeomba nafasi hii nizungumze juu ya moyo, na hasa moyo wa mwanachama anayeishi na virusi vya UKIMWI. Mimi si mganga. Nitakayosema nimejifunza kwa waganga na kwa kusoma, na sababu ya kujifunza ilinipata kazini.

Katika chama kimoja, ambacho sitakitaja, nilikuta mwandiko wa daftari la fedha taslimu umebadilika ghafla katikati ya msimu wa kupima kahawa. Kurasa za mwanzo zilikuwa na tarakimu nzuri zilizonyooka. Zilizofuata zilikuwa na tarakimu kubwa, zilizopinda kama za mtoto wa darasa la kwanza. Nikashuku kwamba mtu asiyehusika ameshika daftari. Nikamwita katibu, nikamtaka maelezo ya maandishi. Yule mzee akaniangalia, akasema, "Ndugu mkaguzi, maelezo hayo pia nitayaandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikufa mwezi wa Julai."

Alikuwa amepata kiharusi. Ndipo aliponieleza, na ameniruhusu niwaeleze nanyi bila jina lake, kwamba ameishi na virusi kwa miaka mingi, na hajakosa kumeza dawa hata siku moja. Virusi katika damu yake vilikwisha kushuka hata vipimo havivioni. Alijihesabu mzima. Lakini shinikizo la damu lilikuwa juu kwa muda asioujua, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kuomba apimwe, na hakuna aliyemkumbusha. Ndugu zangu, niliona haya. Nilikuwa natafuta mwizi, kumbe mwizi alikuwa ndani ya mishipa ya damu.

Sisi wa mkoa huu hatuhitaji kufundishwa UKIMWI ni nini. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983. Kizazi changu kilikua kikiona migomba isiyo na wa kuipalilia, na mabibi wakilea wajukuu. Mwaka 2004 Serikali ilipoanza kutoa bure dawa za kufubaza virusi, watu waliokuwa wakisubiri kufa waliamka, wakarudi shambani. Wengi wao leo ni wanachama wetu wenye miaka hamsini, sitini na zaidi. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini mtu aliyeokoka ili azeeke hukutana na maradhi ya uzee, na kwake maradhi hayo huja mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mtu anayeishi na virusi yumo katika hatari ya maradhi ya moyo na mishipa ya damu takriban mara mbili ya mtu asiye navyo.

Kwa nini iwe hivyo? Virusi hushambulia chembechembe za kinga ziitwazo CD4. Dawa huvizuia visizaliane, na chembechembe hizo huongezeka tena. Lakini virusi haviishi kabisa. Vingine hujificha ndani ya chembe, ambako dawa haiwafikii wale waliolala. Tena, mwanzoni mwa maambukizo, virusi huharibu kinga iliyo katika kuta za utumbo, na vijidudu vya tumboni hupenyeza mabaki yao kwenye damu. Kwa hiyo kinga ya mwili hubaki katika hali ya tahadhari mchana na usiku, kama mlinzi wa ghala asiyepewa zamu ya kulala. Mlinzi wa namna hiyo mwishowe hupiga hata wenye mali. Mwako huo mdogo usiozimika huchubua kuta za mishipa ya damu. Mafuta ya lehemu hujishika hapo. Njia ya damu huwa nyembamba. Siku moja damu huganda, mshipa ukaziba. Ukiziba moyoni ni mshtuko wa moyo. Ukiziba kichwani ni kiharusi.

Nasema kwa lugha yetu ya ukaguzi: fedha taslimu inaweza kulingana na daftari hadi senti ya mwisho, na huku ghalani mchwa wanakula magunia. Kipimo cha virusi ni daftari la fedha. Shinikizo la damu, sukari, lehemu na uzito ndilo ghala. Mkaguzi mwema hukagua vyote viwili.

Hapa naomba asiyesikia vizuri asogee. Mtu asije akatoka katika mkutano huu akasema mkaguzi ameeleza kwamba dawa zinaua moyo. Kinyume chake ndicho kweli. Utafiti uliotangazwa mwaka 2006, uliohusu watu 5,472 katika nchi 33, uliwalinganisha waliomeza dawa mfululizo na wale waliozisimamisha na kuzianza tena kwa kufuata hesabu ya CD4. Waliosimamisha walikufa kwa wingi zaidi, na maradhi makubwa ya moyo, ini na figo yaliwapata zaidi. Ni kweli baadhi ya dawa za zamani zilipandisha lehemu, na dolutegraviri inayotumika sana sasa imehusishwa na kuongezeka uzito. Dawa yake ni kumwambia mganga, si kuacha vidonge.

Habari njema pia ipo. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowashirikisha watu 7,769 wanaoishi na virusi, wa miaka 40 hadi 75, katika nchi 12, jirani zetu wa Uganda wakiwamo. Wote walikuwa wakitumia dawa za kufubaza virusi, na hatari yao ya moyo haikuhesabiwa kuwa kubwa. Kundi moja lilipewa kila siku pitavastatini, dawa ya kupunguza lehemu. Jingine likapewa kidonge kisicho na dawa. Katika miaka ipatayo mitano, matukio makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 35 katika kundi lililopewa dawa, ingawa kisukari kiliongezeka kidogo. Basi ulizeni kliniki kama dawa ya jamii hiyo inawafaa. Msijinunulie wenyewe, kwani simvastatini, kwa mfano, ikichanganywa na baadhi ya dawa za virusi huweza kuharibu misuli vibaya.

Mambo ya kufanya nyumbani hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, pima shinikizo la damu kila uendapo kliniki, na uulize tarakimu zake uziandike; zikifika 140 kwa 90 mara kwa mara, hilo ni jambo la tiba. Ukipewa dawa za shinikizo, usiziache kwa sababu unajisikia vizuri. Pili, acha sigara. Hakuna faida nyingine ya bei nafuu kuliko hiyo. Tatu, chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, na pombe ipunguzwe. Nne, uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, au kifua kikikaza kwa maumivu, usingoje asubuhi wala usitafute nani amekuroga. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Na chama kifanye nini? Elimu ni mojawapo ya misingi ya ushirika, na kuijali jamii ni msingi mwingine. Napendekeza mambo matatu. Siku ya mkutano mkuu, mwalikeni mhudumu wa afya aje na mashine ya kupimia shinikizo, na wapimwe wote, kuanzia mwenyekiti, ili asinyooshewe mtu kidole. Mwanachama mwenye siku ya kliniki aruhusiwe kumtuma mtu apimiwe kahawa kwa niaba yake, na katibu asiulize sababu wala kuiandika. Tatu, siri ya afya ya mtu si taarifa ya kikao. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inailinda siri hiyo na inakataza ubaguzi.

Yule katibu bado yuko kazini. Daftari lake nilililinganisha ukurasa kwa ukurasa, na sikukuta hata shilingi moja iliyopotea. Tarakimu zake bado zimepinda. Mwaka huu aliniuliza swali ambalo hajawahi kuniuliza: "Na wewe, ndugu mkaguzi, umepimwa lini?" Sikuwa na jibu. Nimekwenda kupimwa juma lililofuata. Swali hilo nawaachia nanyi.