Mfupa Uliopokonywa Kazi: Nyonga Bandia na Kinachobaki Pajani



Mgonjwa anayebadilishiwa nyonga huuliza kiungo kitadumu miaka mingapi. Ana haki ya kuuliza. Mimi nataka tuzungumzie mfupa unaokishika kiungo hicho, maana huo hauna kiwanda cha kuutengeneza upya.

Mwaka 1892, huko Berlin, Julius Wolff alichapisha hoja kwamba mfupa hujijenga kwa kufuata mzigo unaoubeba. Ukitumika huimarika, ukikaa bure, mwili huyachukua madini yake. Sasa tunapochomeka shina la chuma la kiungo bandia ndani ya mfupa wa paja, uzito uliokuwa ukipita kwenye sehemu ya juu ya mfupa hupita chumani na kutokea chini, karibu na ncha ya shina. Wapagazi wawili wakibeba gogo, mmoja akijitwika peke yake, mwenzake atabaki kusindikiza tu. Mfupa wa juu, hasa upande wa ndani, ndio msindikizaji, na huko ndiko kipimo cha DXA, kinachopima wingi wa madini ya mfupa, huonyesha upungufu mkubwa zaidi, sehemu kubwa ukitokea katika mwaka wa kwanza.

Ukakamavu wa gamba gumu la mfupa ni gigapaskali 15 hadi 20 hivi. Aloi ya titani hufika 110, na ile ya kobalti na kromu hupita 200. Lakini msidhani aina ya chuma ndiyo kila kitu. Shina la mviringo likiongezwa kipenyo mara mbili, ugumu wake wa kupinda huongezeka mara 16. Charles Engh na wenzake wa Marekani walionyesha mwaka 1987 kwamba mashina manene, na yale yaliyopakwa tabaka lenye vitundu vidogo sehemu kubwa ya urefu wake, ndiyo yaliyoambatana na upungufu mkubwa wa mfupa. Hata hivyo, shina lililoshikwa barabara na mfupa lilimpa mgonjwa maumivu machache. Kwa hiyo picha mbaya ya mfupa haimaanishi mguu mbaya.

Basi kwa nini tusitumie shina laini? Lilijaribiwa. Miaka ya 1970, Robert Mathys wa Uswisi alibuni shina la plastiki ili linyumbuke sawa na mfupa. Mengi yalilegea. Baadaye Rik Huiskes wa Uholanzi alieleza sababu: ulaini huurudishia mfupa kazi yake, lakini huongeza msuguano na mkazo pale shina na mfupa vinapokutana. Hapa ndipo wabunifu wengi walipojikwaa, na bado naona matangazo yanayosifu ulaini kana kwamba somo hilo halikuwahi kufundishwa.

Kuna upungufu wa aina nyingine, usiotokana na uvivu. Tangu John Charnley aanze kutumia kikombe cha plastiki ya polithilini huko Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, vumbi la plastiki lililosagika limekuwa likichokoza seli zinazotafuna mfupa. Kwa muda mrefu lawama ilitupiwa saruji ya mifupa. Plastiki iliyoimarishwa kwa mionzi imepunguza sana vumbi hilo. Njia nyingine, ya kuvika kichwa cha mfupa kofia ya chuma badala ya kuchomeka shina, kama alivyofanya Derek McMinn wa Birmingham tangu 1991, huhifadhi mfupa wa juu vizuri. Lakini chuma kusuguana na chuma kulileta balaa lake, na mwaka 2010 kiungo cha aina hiyo kiitwacho ASR kiliondolewa sokoni.

Kwetu hoja hii ina uzito wa pekee. Selimundu huua kichwa cha mfupa wa paja kwa vijana. Kijana wa miaka 25 anayebadilishiwa nyonga karibu hakika atapasuliwa tena, na daktari wa pili atahitaji mfupa wa kushikilia shina jipya. Kwa mzee wa miaka 80, mimi huchagua shina linaloshikizwa kwa saruji bila kusita. Kwa kijana, nachagua shina fupi la titani linaloshika juu, mfupa ukiruhusu.

Sweden imeandikisha nyonga zake bandia tangu 1979. Ninaomba kila hospitali yetu inayofanya upasuaji huu iandike aina ya shina, ipime mfupa wiki za mwanzo, na irudie kipimo baada ya mwaka.