Mashine ya Masikio Ambayo Kiwanda Kimeacha Kuitengeneza: Inunuliwe au Iachwe?

(Maneno ya Kamati ya Wazee na Watu Wenye Ulemavu, yaliyosomwa mkutanoni siku ya Kusikia Duniani, tarehe 3 Machi)



Siku hii imewekwa na Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya masikio. Walichagua tarehe 3 ya mwezi wa 3 kwa sababu tarakimu hizo mbili zikiandikwa pamoja zinafanana na masikio mawili. Mwaka 2021 Shirika hilo lilitoa ripoti yake kubwa ikisema kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wana uziwi wa kiasi cha kuhitaji msaada. Hatutaendelea na hesabu hizo. Tumepewa nafasi ya kusema jambo moja, nasi tumechagua lile lililoletwa mbele yetu na familia moja ya hapa Nakivale, kwa maana tunajua familia zenye swali kama hilo ni nyingi.

Mzee wa familia hiyo, ambaye hatutamtaja jina, masikio yake yamekuwa mazito tangu alipotoka Kivu. Mwanawe yuko Marekani, alipelekwa kwa mpango wa makazi mapya. Huko ameona dukani mashine za masikio, jozi nzima, bei imeshushwa chini ya nusu. Sababu ya kushushwa ni kwamba kiwanda kimeacha kuzitengeneza, na zikiisha hizo hakuna nyingine. Akatuma ujumbe kwa dada yake: ninunue? Dada akaja kwetu.

Mtu anaweza kudhani ni jambo dogo. Lakini mzee huyu anangoja kuitwa kwa mahojiano ya faili lake. Wanaokaa na wazee wanajua tabia ya mwenye masikio mazito: akiulizwa swali asilolisikia, hujibu "ndiyo", ili asionekane anachelewesha watu. Anaulizwa kama ana mke, ndiyo. Anaulizwa kama mke amefariki, ndiyo. Na hizo ndiyo zote zinaandikwa. Kwenye mgao jina lake huitwa mara mbili, mara tatu, halafu karani anapita kwa anayefuata. Kwa hiyo swali la mwanawe tulilichukua kwa uzito wake.

Kwanza tueleze mashine hizi zimetoka wapi. Zamani huko Marekani mtu hakuuziwa mashine ya masikio bila kupita kwa mtaalamu, na jozi moja iligharimu maelfu ya dola. Bunge lao likapitisha sheria mwaka 2017, na kanuni zake zikaanza kutumika tarehe 17 Oktoba 2022. Tangu hapo mtu wa miaka 18 na kuendelea, mwenye uziwi mdogo au wa kati, anaweza kujinunulia dukani, kama anavyojinunulia miwani ya kusomea. Mtoto haruhusiwi. Kampuni nyingi zikaingia katika biashara hiyo, na nyingine hazikukaa. Kampuni ya Bose, inayojulikana kwa spika zake, ilianza kuuza mashine yake ya SoundControl mwaka 2021, jozi kwa dola 849.95. Mwaka 2022 ikaacha, na ufundi wake ukaendelea katika mashine za kampuni nyingine, Lexie. Hatusemi ni kosa. Mfanyabiashara ana haki ya kufunga duka. Ila aliyekwisha kununua hubaki na kitu ambacho baba yake mzazi hayupo.

Sasa, redio ya kampuni iliyofungwa inaweza kuimba miaka 20. Kwa nini mashine ya masikio isiwe vivyo hivyo? Kwa sababu nyingi za hizi za dukani hazirekebishwi na fundi wala kwa bisibisi. Zinarekebishwa kwa programu ya simu. Mvaaji huziweka masikioni, hushika simu ya kugusa, husikiliza na kupandisha au kushusha mpaka maneno yamkae sawa. Angalieni hapo: ni mvaaji mwenyewe. Mtoto aliye Marekani hawezi kumrekebishia baba aliye Nakivale kabla ya kutuma, maana masikio yanayosikiliza si yale. Itabidi programu ifanye kazi hapahapa, kwenye simu iliyoko hapa. Programu nyingine hutolewa kwa watu wa nchi fulani tu. Nyingine hudai kwanza uingie kwa jina na neno la siri kupitia kompyuta za kampuni, na kampuni ikizima kompyuta hizo, basi. Nyingine hukataa simu mpya, kwa kuwa hakuna tena anayeitengeneza ifuatane na simu za leo. Na simu yenyewe nyumbani ni moja, nayo iko mfukoni mwa mjukuu.

Baada ya programu kuna betri. Mashine za kuchaji zina betri iliyofungwa ndani, na betri ya namna hiyo huchakaa hata ikikaa kwenye sanduku dukani. Kuchaji si shida kubwa, mashine nyingi hutumia umeme uleule wa simu na sola zetu zinatosha. Shida ni siku betri ya ndani itakapokufa: aliyeitengeneza hayupo, na fundi wa simu wa sokoni hana nyingine ya kuweka. Mashine za betri ndogo za kubadilisha, zile za mviringo, zina nafuu, kwa kuwa saizi zake ni za dunia nzima: namba 312 ina kibandiko cha rangi ya kahawia, namba 13 cha rangi ya chungwa, kiwanda chochote. Lakini zinaliwa haraka. Ikiwa moja inadumu siku 4, masikio mawili yatakula betri kama 180 kwa mwaka. Nazo ukishaondoa kibandiko hewa huingia na zinaanza kuisha, uzitumie usizitumie, na kukirudisha hakusaidii. Tunawaomba akina mama wawafiche watoto betri hizi. Mtoto akiimeza, mkimbizeni kituo cha afya saa ileile.

Katika kamati hatukukubaliana mara moja. Wenzetu wawili walisema inunuliwe tu. Hoja yao ilikuwa nzuri: mzee amepita miaka 70, mashine ikidumu miaka 2 atakuwa amesikia miaka 2, na mahojiano yatakuwa yamepita; nani hapa kambini ana kitu chenye dhamana ya kiwanda? Wengine tukajibu kwamba fedha za mtoto si za kuokota. Anafanya kazi usiku, na hizohizo ndizo zinalipa ada ya wajukuu. Tukakaa na jambo hilo jioni mbili.

Kilichotupatanisha ni kwamba hakuna aliyekuwa amemtazama mzee masikio. Ndugu, uziwi si wa aina moja. Kuna wa nta iliyoziba, ambao muuguzi huuondoa bila kununua chochote. Kuna wa usaha uliokaa miaka na kutoboa kiwambo cha sikio. Kuna wa dawa, kama zile sindano za streptomycin walizochomwa wengi wetu zamani kwa kifua kikuu. Kuna wa milipuko na risasi, na hapa hatuna haja ya kueleza. Mwenye uziwi wa namna hii ya mwisho mara nyingi husikia sauti ila hashiki maneno, na kumpigia kelele hakumsaidii. Sema polepole, umtazame usoni.

Hizo mashine za dukani zina mpaka wa nguvu uliowekwa na kanuni. Kama mtu hasikii mazungumzo hata ndani ya nyumba iliyo kimya, au hasikii kinu cha kusaga, hazitamtosha, hata zikiwa mpya na kiwanda kipo. Na mwenye usaha au damu sikioni, maumivu, kizunguzungu, uziwi uliokuja ghafla, au sikio moja kuwa zito kuliko jingine, apelekwe kwa daktari kwanza.

Basi tulimjibu dada hivi. Mzee aende kituo cha afya atazamwe, na ikibidi aombewe rufaa ya Hospitali ya Mbarara, ambako kuna idara ya masikio, pua na koo. Mtoto asitoe fedha kabla ya hapo, hata kama duka linamharakisha. Akiwa bado ana hamu ya mashine hizo, aombe kuzijaribu dukani simu ikiwa imezimwa kabisa: je, zinaongezwa na kupunguzwa sauti kwa vitufe vyake zenyewe? Zikizimwa na kuwashwa, zinakumbuka zilivyowekwa? Kama jibu ni hapana, aziache, hata kwa bei ya mchicha. Kama ni ndiyo, na zinatumia betri za kubadilisha, na bei ni ambayo familia haitailia zikifa baada ya mwaka, anunue pamoja na betri za miezi 6, vichujio vya nta na vile vikofia vya mpira vya kuingia sikioni, maana hivyo ndivyo vitakavyokosekana mwanzo. Vinginevyo fedha hiyohiyo itafutiwe mashine ya nyuma ya sikio ambayo mtaalamu wa huku anaweza kuifungua na kuirekebisha, hata ikiwa moja badala ya mbili. Sisi wengi wetu tunaelekea huko.

Kwa watumishi wa mashirika tuna ombi lisilohitaji bajeti. Kwenye mgao na kwenye mahojiano, jina liandikwe ubaoni pia, si kuitwa tu. Na mzee anayejibu "ndiyo" mara tano mfululizo, aulizwe swali ambalo jibu lake haliwezi kuwa ndiyo: watoto wako wangapi?

Mzee wetu ameshatazamwa. Sikio la kushoto limetolewa nta na amepata nafuu kidogo, la kulia bado, na rufaa yake imeandikwa. Mwanawe amemwomba mwenye duka amwekee jozi moja mpaka mwisho wa mwezi. Wenye wazee wa namna hiyo nyumbani waje kwa kamati siku ya Jumanne asubuhi, na aliyekwisha letewa mashine kutoka ng'ambo aje nayo pamoja na sanduku lake.