Nani Alimtaka Babu Yako?



Naanza na kikaratasi. Bibi yangu alikitunza ndani ya kopo la bati, pamoja na mbegu za maboga: stakabadhi ya kodi ya babu. Imekunjwa mara nne, mikunjo imechanika, wino umegeuka rangi ya kutu. Ina jina lake, jina la baba yake, eneo la mtemi wake na shilingi alizolipa. Msidhani ilitunzwa kwa kupenda historia. Enzi za Mwingereza, mwanamume aliyeshindwa kuonyesha stakabadhi aliweza kukamatwa.

Mnyonge hakuandikwa kwa sababu tu alikuwepo. Aliandikwa siku mwenye nguvu alipohitaji kitu kwake: kodi, mikono, au roho. Kwa hiyo, anayemtafuta babu yake hapa mkoani Katavi asianze kuuliza alikuwa nani. Aulize kwanza nani alimtaka.

Huku kwetu mapadre walitangulia. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ilianza mwaka 1879 kama kituo cha Wabelgiji chini ya Kapteni Cambier, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa wamisionari, Mapadre Weupe. Kitabu cha ubatizo kiliandikwa Kilatini: siku, jina jipya, wazazi, msimamizi, sahihi ya padre. Kwa mtoto aliyekombolewa utumwani, kalamu ikifika penye wazazi, padre hakuwa na la kuandika zaidi ya "ignoti", hawajulikani. Msikimbilie kufunga kitabu mkishapata mstari wenu. Tazameni pambizoni, maana huko ndiko ndoa ilikoongezwa miaka mingi baadaye, pengine kwa mwandiko wa padre mwingine kabisa. Tena someni kwa sauti. Mapadre wengi walikuwa Wafaransa, na "u" yetu wakaiandika "ou". Kapufi, mtawala wa Ufipa, anakuwa Kapoufi. Sikio litamtambua kabla ya jicho.

Karema yupo mmoja asiyehitaji kutafutwa. Adrian Atiman alitekwa utotoni Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Yeye ameandikiwa wasifu. Wagonjwa wake, wakibahatika, wana mstari mmoja mmoja.

Baada ya padre akaja karani wa kazi. Mpanda hii ililelewa na madini ya risasi, na reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya mgodi. Kibarua alipewa kipande, kadi yenye siku 30. Kila siku aliyofanya kazi ikatiwa alama, na kikijaa ndipo alipwe. Kikishalipwa hakikuwa na kazi tena, ndiyo maana vimebaki vichache. Waliovutwa kwenda kwenye mashamba ya mkonge waliitwa manamba, na jina lenyewe linatueleza wajukuu tatizo letu: tunatafuta mtu, daftari lina namba.

Mjukuu wa mchimba makaa wa Wales ametuzidi hapo. Anafungua sensa ya mwaka 1881 na kumkuta babu wa babu yake kwa jina, umri, kazi na nyumba aliyolala usiku wa sensa. Akimkosa, anajaribu daftari za misaada ya maskini. Lakini naye akirudi nyuma zaidi anakwama tunapokwama sisi: Wales ya zamani mtoto alibeba jina la baba, likabadilika kila kizazi. Kwetu vilevile, Juma Kasimu anamzaa Hamisi Juma, na Kasimu ameshapotea njiani.

Sensa yetu inatupa hesabu. Katavi ilikuwa na watu 564,604 mwaka 2012 na 1,152,958 mwaka 2022. Hamna humo babu hata mmoja, kwa kuwa taarifa za mtu binafsi ni siri kisheria. Lile daftari la misaada la Wales, kwetu nalilinganisha na la makazi ya wakimbizi ya Katumba na Mishamo. Waliokimbia Burundi mwaka 1972 waliandikwa huko na watu waliowagawia chakula na mashamba. Cheti cha ubatizo cha baba zao kiko ng'ambo ya mpaka, lakini waliovushwa wakiwa watoto bado wanaishi Katumba, na wanakumbuka majina.

Ofisi moja niliyoifuata miaka ya nyuma iliniambia mafaili yameliwa na mchwa. Baadaye nikasikia yalichomwa kupisha meza mpya. Nikarudi parokiani. Ushauri wangu kwenu: mtunza vitabu mtajieni kigango na mwaka kabla ya jina.

Mimi nilimtafuta bibi, maana yeye aliyetunza ile stakabadhi hamo ndani yake. Kodi ilimtaka babu, kipande kilimtaka babu. Mstari wake mwenyewe wa ubatizo sikuupata, ukurasa umeng'oka. Nimemkuta mara tatu kwenye mistari ya watoto wa majirani, mwishoni, penye nafasi ya msimamizi.