Mwanafunzi wa Zamani na Maisha ya Shule ya Sekondari: Zaidi ya Mabati na Madawati



Barua ya shule inayomwita mwanafunzi wa zamani aghalabu huja na orodha: mabati, saruji, madawati, kompyuta. Anaalikwa awe mgeni rasmi wa mahafali, anatoa ahadi, anapigiwa makofi, anaondoka. Sibezi michango hiyo. Lakini mabati yanaweza kutolewa na halmashauri, na mfadhili, na mzazi. Tulicho nacho sisi wanafunzi wa zamani ni kumbukumbu ya jinsi wanafunzi wanavyoishi na kujiongoza nje ya darasa, na hicho hatuulizwi. Ndiyo hoja yangu leo.

Nasema haya kutokana na miaka niliyoishi katika shule ya bweni ya serikali, nikiwa kiranja wa chakula, na baadaye, nilipokwisha kuajiriwa, nikiwa mjumbe wa umoja wa wanafunzi wa zamani na wa bodi ya shule.

Naomba nianze na stoo. Kila siku kiranja wa chakula na monita wa zamu walisimama mlangoni, mwalimu wa chakula akiwa na daftari mkononi. Idadi ya waliopo ilisomwa, wakaondolewa waliolazwa na waliopewa ruhusa ya kwenda nyumbani, ndipo unga na maharage vikapimwa. Sahihi zikawekwa: ya mwalimu, ya mpishi, na yangu. Wenzangu walijua kwamba sahihi yangu ipo pale, kwa hiyo siku mboga ilipopungua walinijia mimi kabla ya kumwendea mwalimu. Ilinipasa kujua bei ya gunia, kujua kwa nini mzabuni amechelewa, kisha kusimama bwaloni mbele ya vijana wenye njaa na kuwaeleza ukweli bila kumchongea mtu. Hakuna somo la darasani lililonifundisha hayo. Na leo, ninaposikia shule imepatwa na mgomo kwa sababu ya chakula, swali langu la kwanza ni moja: je, wanafunzi walikuwa na mwakilishi wao pale mlangoni mwa stoo?

Suala la sauti ya wanafunzi katika uongozi wa shule lina historia ndefu hapa Tanzania. Julius Nyerere aliingia Shule ya Tabora mwaka 1937, shule iliyoendeshwa kwa taratibu za shule za bweni za Uingereza, viranja wakiwa na mamlaka makubwa. Wasifu wake unasimulia kwamba alipokuwa kiranja alipinga upendeleo waliokuwa wakipewa viranja, ukiwemo wa mgao wa chakula. Miaka 30 baadaye, Machi 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, alitaka wanafunzi wawe na sauti katika kupanga shughuli za shule yao na katika kuamua mazao ya shamba lao yatumikeje.

Sauti hiyo ndiyo iliyodondoka njiani. Kazi ya jembe ilibaki, sauti ikapotea. Katika shule nyingi shamba likawa mahali pa adhabu: aliyechelewa mstarini analima, aliyepiga kelele wakati wa kujisomea usiku analima. Kijana akahitimu akiwa amejifunza kuchukia kilimo. Nimewasikia wanafunzi wa zamani wa shule mbalimbali wakilizungumza shamba la shule zao kwa fahari, na kila nilipouliza sababu, jibu lilikuwa la aina moja: walijua kiasi kilichovunwa, walijua kiliuzwaje, walishirikishwa kuamua kinunuliwe nini. Umri wao haukuleta tofauti, wala ukali wa walimu wao.

Mdahalo nao unastahili neno. Tulilazimishwa kufanya midahalo kwa Kiingereza tu, na kila wiki waliosema walikuwa walewale. Palipotolewa nafasi ya Kiswahili, mabingwa wapya walisimama, wakiwemo waliokuwa hawajawahi kufungua kinywa. Kiingereza kifundishwe, na kifundishwe vizuri. Ila mdahalo una kazi yake ya kumfundisha kijana kujenga hoja na kumsikiliza mpinzani, na kazi hiyo isicheleweshwe hadi lugha ikomae.

Sasa nije kwenye shule za kata, kwa sababu huko ndiko waliko wengi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, na shule hizi zikaenea nchini kwa haraka. Mwaka 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne, madarasa yakajaa. Nyingi ni za kutwa. Kengele ya mwisho ikilia, wanafunzi wana mwendo mrefu mbele yao, na giza linawasubiri. Bwalo halipo, bweni halipo, jioni ya pamoja haipo. Mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, huwachukua wenye vipaji vya michezo, nayo yanafanya kazi nzuri, lakini mamia wanaobaki hawana jukwaa.

Shule hizo zina hazina ambayo haijaguswa. Wahitimu wake wengi wako palepale katani: huyu anaendesha bodaboda, yule ana kibanda cha dawa za mifugo, mwingine analima vitunguu, mwingine anashona nguo. Hawaalikwi kwenye mahafali kwa sababu hawana mabati ya kuahidi. Hao ndio ningewaita kwanza. Wanajua njia ipi si salama kwa msichana anayerudi peke yake, wanajua nani ameacha shule na yuko wapi. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito warudi katika shule za kawaida. Msichana wa aina hiyo anahitaji dada aliyesoma palepale, aketi naye nyumbani, azungumze na mama yake, na siku ya kwanza amsindikize hadi getini.

Nisisitize jambo la usalama, maana ni zito. Mwanafunzi wa zamani asiingie shuleni apendavyo. Apokelewe na mkuu wa shule, aandikwe, akutane na wanafunzi mwalimu mlezi akiwepo, na bwenini asikanyage kabisa. Umoja wowote unaokataa sharti hili usikubaliwe.

Ninapendekeza kila bodi iwe na angalau mhitimu mmoja anayeishi katika kata ya shule, achaguliwe na wahitimu wenzake bila kujali kipato chake. Pia kila shule iwe na daftari la wahitimu, mbele ya kila jina pakiandikwa kile anachoweza kufanya: kufundisha ngoma, kusimamia mdahalo wa Ijumaa, kuwa refa, kushuhudia kura za viranja zikihesabiwa. Daftari hilo lisisubiri bajeti. Linaweza kuanza na vijana wa kidato cha nne wa mwaka huu, siku wanapokuja kurudisha vitabu vya shule baada ya mtihani wa mwisho.